Shavu la Bi Zakiya

Siku ya tatu baada ya Idi, Atieno aliinama kumfunga Bi Zakiya vifungo vya gauni, pumzi ya yule bibi ikampiga usoni, naye akasimama wima kama mtu aliyetukanwa.

Haikuwa harufu ya uzee. Ya uzee aliijua. Alikuwa na miaka minne katika nyumba ile ya wazee ya Al Khoudh, Maskati, akiwaosha, akiwavisha, akiwakata kucha, na wapo aliowafumba macho kwa mkono wake mwenyewe. Hii ilikuwa harufu ya kitu kinachooza mahali palipofungwa. Atieno alikuwa mama wa watoto wawili, Velma na Ian, aliowaacha Ahero kwa dada yake, na tangu walipokuwa wachanga alikuwa na tabia ya kuwanusa midomo wakiwa wamelala. Velma, ambaye sasa ni mtu mzima, bado humtania kwamba mama yao alikuwa akiikamata homa kwa pua kabla homa yenyewe haijajua inakuja. Masomo ya Atieno yaliishia kidato cha pili. Pua yake haikuishia popote.

Alimwomba Bi Zakiya afungue mdomo kidogo aone. Bi Zakiya aliuvuta mtandio mpaka chini ya macho, akageukia ukuta.

Atieno alimaliza vifungo kwa hasira. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili daktari angekuja, na baada ya hapo Bi Zakiya angepelekwa juu.

Katika nyumba ile, kupelekwa juu hakukuwa kupanda cheo. Chini walikaa wazee waliojiweza. Walikuwa na ua wenye kivuli, kahawa na tende saa kumi alasiri, na kazi ndogondogo za kuwachangamsha: kukunja taulo, kuchagua mchele, kutembea mpaka getini na kurudi huku wakiwasema vibaya majirani. Juu kulikuwa na vitanda vyenye vyuma pembeni, mapazia yasiyofunguliwa, na runinga iliyozungumza peke yake. Aliyepanda kwa ile lifti Atieno hakuwahi kumwona akishuka akiwa amekaa.

Nani akae chini na nani apande, iliamuliwa na karatasi. Kila jioni mhudumu wa zamu ya mchana alijaza moja kwa kila mzee: kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kutembea, kuzungumza, usafi wa kinywa. Mwisho wa wiki Sista Hind, msimamizi wa nyumba, alijumlisha. Bi Zakiya alikuwa na alama kumi na sita mwanzoni mwa Ramadhani. Sasa alikuwa na sita. Alikuwa ameacha kuchagua mchele. Alikuwa ameacha kutembea. Kauli yake ilikatika, na chakula alikishika tu mdomoni bila kumeza. Sista Hind alikuwa ameshaandika kwamba ubongo wa Bi Zakiya umesahau kumeza, na kwamba Jumapili, mwanawe akitia sahihi, atawekewa mpira wa kumlishia puani.

"Ni umri, Atieno," Sista Hind alimwambia alipokwenda kumweleza habari ya ile harufu. Alikisema Kiswahili alichojifunza kwa bibi yake, laini, huku anatazama simu. "Ana miaka themanini na tatu. Unataka anukie udi?"

Alitaka kumjibu. Alijibana. Mwenye mkate wake mikononi mwa mtu hujifunza kumeza maneno, na Atieno alikuwa ameyameza mengi mpaka akaona yamemjaa kooni.

Maana Bi Zakiya hakuwa mzee wa kusahau. Alizaliwa Mwanza, duka la baba yake likitazamana na soko la samaki, akaolewa Unguja na marehemu mumewe Amur, wakaja Maskati wakiwa bado vijana. Miaka arobaini alipika kwenye harusi za watu, masufuria ambayo Atieno angeweza kuoga ndani yake. Siku ya kwanza walipokutana, Bi Zakiya alimtazama juu mpaka chini, akamuuliza Mkenya wa wapi. Aliposikia ni wa ziwani, alimfanyia mtihani. Kwenu, alimuuliza, kichwa cha samaki anakula nani? Atieno akasema anakula mwenye nyumba, lakini mpishi huwa ameshalifyonza jicho moja jikoni. Tangu siku ile Bi Zakiya alimwita "mwanamke wa ziwani", na kila samaki alipopikwa walikaa pamoja kichwa kikiwa kati yao, wakibishana nani apewe shavu.

Mtu wa namna hiyo hasahau kumeza kwa wiki tano.

Jioni ile, kabla ya kukabidhi zamu, Atieno alilitoa faili la Bi Zakiya ili amwonyeshe Sista Hind lini hasa mambo yalianza kuharibika. Alifungua karatasi za Ramadhani. Akaangalia kisanduku cha kula, kikishuka siku hadi siku. Akaangalia kutembea. Kisha jicho lake likaenda kwenye kisanduku cha mwisho, usafi wa kinywa.

Kila siku kulikuwa na alama ya vema. Vema nzuri, ndefu, iliyonyooka, na pembeni yake herufi mbili za jina lake. Siku ishirini na tisa za Ramadhani, ukiacha Ijumaa zake za mapumziko, Atieno alikuwa ametia sahihi kwamba amemsugua Bi Zakiya meno.

Alijaribu kukumbuka lini alimsugua. Hakukumbuka hata siku moja.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, faili magotini, akajilazimisha kurudi nyuma hatua kwa hatua. Siku ya kwanza ya mfungo Sista Hind aliwakusanya wahudumu, wengi wao Wakenya na Wakristo, akawaambia wazee wanaofunga wasiguswe mdomo mchana kwa dawa ya meno, ikiteleza kooni itawaharibia saumu. Wasafishwe baada ya futari. Ni wazee wanne tu waliokuwa wanafunga. Bi Zakiya hakuwamo, kwa sababu ana kisukari, na daktari pamoja na mwanawe walikuwa wamemkataza. Lakini wahudumu waliogopa. Nani anataka kuwa yule Mkristo aliyemvunjia saumu mzee wa watu? Wakaona heri waache midomo ya wote. Walifanya hivyo kwa heshima, hakuna aliyetegea kazi. Na karatasi, kwa kuwa kisanduku kikiachwa wazi Sista Hind hufoka, wakaitia vema wakijua zamu ya jioni itafanya.

Ivy, wa zamu ya jioni, aliingia akiwa bado na mkoba begani. Alikuwa mtu wa Kakamega, mwepesi wa maneno. Atieno alimuuliza bila hata salamu: Ramadhani yote, baada ya futari, nani alikuwa anawasafisha wazee vinywa?

"Si nyinyi?" Ivy alisema. "Sisi tunaingia tunakuta vema imeshawekwa."

Atieno akamgeuzia faili.

"Basi walikuwa wanapigwa mswaki na malaika," Ivy alisema, akacheka, kisha akauona uso wa Atieno, kicheko kikamfia.

Hata ile harufu, Atieno alikumbuka sasa, aliisikia mapema. Wiki ya kwanza tu. Alimwambia mpishi, na mpishi akamwonya asije akakunja pua tena, kwani kwa Mungu harufu ya kinywa cha aliyefunga ni nzuri kupita miski. Akaona aibu, akanyamaza. Haikumjia kichwani kwamba Bi Zakiya hafungi, kwa hiyo miski yake imetoka wapi?

Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada kwa Wakristo pia, alikwenda kanisani, akasimama watu waliposimama na kukaa walipokaa. Mhubiri alisema habari ya msamaha. Atieno alikuwa anahesabu vema. Alimkasirikia Sista Hind, ambaye katika wiki tano hakuinamia mdomo wa mtu hata mmoja ila alijua kujumlisha. Alimkasirikia Marhoon, mtoto wa Bi Zakiya, mtu mzima mwenye cheo wizarani. Siku ya Idi alileta nyama ya shuwa, ile iliyofukiwa shimoni siku mbili, akampa mama yake tonge, mama akageuza uso, naye akatoka uani akimwambia mkewe kwenye simu kwamba mama hamjui tena. Hakuuliza kwa nini. Alilia, lakini hakuuliza. Mtoto mchanga akikataa titi, mama gani analia tu bila kumtazama ulimi? Na zaidi ya wote alijikasirikia yeye, mwenye pua, mwenye macho, aliyeweka vema na kwenda zake kunywa chai.

Jumamosi, saa ambayo wengine walikuwa uani wakikunja taulo, alikiburuta kiti mpaka mbele ya Bi Zakiya, wakakaa goti kwa goti. Hakumwomba afungue mdomo. Alijua sasa kwamba kwa Bi Zakiya mdomo ni kama chumba cha kulala, mgeni haingii. Meno yake ya bandia aliyatoa na kuyarudisha mwenyewe kwa miaka yote, amegeukia dirisha, na wahudumu, waliopokea tu meno yenyewe kuyasugua, walifundishwa kutazama pembeni. Kwa wiki tano walitazama pembeni, naye hakuyatoa.

Atieno akaanza kuzungumza habari za nyanya yake.

"Nyanya yangu hakuwa na meno sita ya chini mbele," alimwambia. "Walimng'oa akiwa msichana, ndiyo ilikuwa desturi. Walisema mtu akishikwa na ugonjwa wa kukaza taya, uji utapita hapo."

Bi Zakiya hakugeuka, lakini macho yake yalisogea. Kule Mwanza alikuwa amewaona wanawake wa namna hiyo, wakileta samaki dukani kwa baba yake.

Atieno akaendelea. Nyanya alikuwa stadi wa kutema kupitia lile pengo, angeweza kumpata kuku mlangoni akiwa amekaa jikoni. Siku moja pasta alikuja kuombea nyumba, mtu mrefu mwenye upara unaong'aa. Alifumba macho, akaanza kuomba, na maombi yalikuwa marefu. Jogoo akapanda juu ya Biblia. Nyanya hakutaka kukatiza neno la Mungu kwa kupiga kelele, hivyo akalenga. Jogoo akainama. Mate yakapita, yakatua katikati ya upara.

"Pasta alinyamaza kidogo," Atieno alisema. "Kisha akainua mikono juu, akasema, asante Bwana kwa dalili ya mvua."

Mabega ya Bi Zakiya yalianza kutikisika. Alijizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka kikiwa kimechanganyika na kilio, mtandio ukaanguka, mkono wake ukaruka na kushika shavu la kushoto. Mdomo ulikuwa wazi. Atieno alikuwa ameshika tochi ya simu tayari, na hakuona haya kuiwasha.

Alichokiona hakukisahau. Meno ya juu yalikuwa yamenata kwenye kaakaa kama gamba. Kando yake, ndani ya shavu la kushoto, ufizi ulikuwa umevimba, mwekundu kama nyama mbichi, na katikati kidonda chenye usaha. Ukingo wa meno ulikuwa umekatia humo. Punje za mchele zilikuwa zimejipanga chini ya ukingo ule, nyeusi.

"Yatoe," Atieno alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Yatoe sasa hivi, Bi Zakiya, au nitayatoa mimi, na hapo tutakosana."

Ilichukua muda mrefu, kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, na machozi ya wote wawili. Yalipotoka, Bi Zakiya alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alisema, maneno yakiteleza kwa kukosa meno.

"Mimi sijala kobe."

Atieno alilijua neno hilo. Kula kobe ni kule kula mchana wa Ramadhani kwa kujificha, nyuma ya mlango, kama mwizi.

"Tangu nna miaka tisa," Bi Zakiya alisema, "sijala kobe. Nije kuanza leo, na kaburi hili hapa linaniita? Eti daktari kasema. Daktari atasimama na mie siku hiyo?"

Ndipo Atieno akaelewa. Mpishi aliyefunga huruhusiwa kuonja chumvi: tone moja kwenye ncha ya ulimi, kisha anatema. Bi Zakiya alifanya hivyo miaka arobaini. Alijua kwamba kitu kikiwa mdomoni hakijaingia tumboni. Basi kila mchana wa Ramadhani, Atieno alipomlisha wali na kuandika kiasi alichodhani amekula, Bi Zakiya aliuhamishia shavuni wali wote, chini ya mtandio, akakaa nao mpaka mhudumu aondoke, ndipo akautema. Hakusema, kwa sababu mwenye mdomo uliojaa hasemi. Hakutembea wala kuchagua mchele na wenzake, kwa sababu angelazimika kuzungumza. Vidonge vya sukari navyo alivitia shavuni, kisha akavitema chooni. Magharibi alikula tende na uji, akalala. Akiwa mkaidi namna hiyo alizimaliza siku zote ishirini na tisa. Na Idi ilipofika na yeye yuko tayari kula hiyo shuwa, kidonda kilikuwa kimeshaifunga taya.

"Na Marhoon?" Atieno aliuliza.

Uso wa bibi ulibadilika. Marhoon alimwapisha asifunge, na kwa kila siku aliyodhani mama yake hakufunga alimlisha maskini mmoja. Akijua, ataona mama yake amemfanya mjinga mbele ya Mungu.

"Hii siri yangu na Mola wangu," Bi Zakiya alisema, akimshika Atieno mkono kwa nguvu iliyomuumiza. "Wewe umepenyeza pua tu. Mwanangu asijue. Niahidi."

Atieno alimwahidi. Nini kingine angesema? Alidhani kidonda chenyewe kingetosha.

Hakikutosha. Jumapili asubuhi walikutana katika ofisi ndogo ya Sista Hind: daktari, Marhoon katika kanzu yake nyeupe, Bi Zakiya kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umefunikwa. Atieno alieleza habari ya kidonda. Daktari akamulika kidogo, akasema naam, ni kibaya, atapewa dawa. Lakini Sista Hind alifungua faili. Kidonda ni cha wiki mbili tatu hizi, alisema kwa upole, na mama amekuwa anashika chakula mdomoni tangu wiki ya kwanza ya Ramadhani, na hasemi tangu wakati huohuo. Hiyo si habari ya meno. Hiyo ni akili inaondoka. Daktari akatikisa kichwa kukubali. Marhoon alishatoa kalamu.

Atieno aliitazama ile kalamu. Aliwatazama watu watatu waliosoma kuliko yeye, wakisoma karatasi aliyoijaza kwa uongo, na kuiamini kuliko mtu aliyekaa mbele yao.

"Hajasahau kumeza," alisema. "Alikuwa amefunga."

Akayasema yote. Chumvi kwenye ncha ya ulimi, wali shavuni, vidonge chooni. Bi Zakiya alimkazia macho, na Atieno hakuthubutu kumtazama, kwa hiyo alimtazama Sista Hind.

"Na hizo vema za kinywa, Sista, ni za uongo. Mwezi mzima. Hii hapa ni yangu, na hii, na hii. Hatukumgusa mtu mdomo Ramadhani yote. Tulidhani tunawaheshimu. Zamu ya jioni nayo ilidhani sisi tumemaliza. Na wewe ulikuwa unajumlisha tu. Kama hamniamini, nendeni mkawafungue midomo wote kumi na wanne, chini na juu, halafu mniambie ni akili ngapi zimeondoka."

Sista Hind alisimama, uso umewiva, akamuuliza kama anajua anasema nini, na kama anajua karatasi hizo zinakwenda kwa nani. Atieno alijibu kwamba anajua. Alimfikiria Velma na chuo, akamfikiria Ian, akaona wazi kabisa sanduku lake likifungwa. Lakini hasira ilikuwa imeshavunja mlango na haikuwa na njia ya kurudi ndani.

Marhoon hakuwasikia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, kanzu na yote.

"Mama, ulikuwa umefunga?"

Bi Zakiya aliushusha mtandio mwenyewe. Bila meno uso wake ulikuwa mdogo, lakini macho yalikuwa yaleyale ya mtu aliyeamrisha masufuria. Hakumjibu mwanawe. Alimgeukia Atieno.

"Kinywa changu nilikufunulia wewe," alisema. "Sikuifunulia wizara nzima."

Daktari alikohoa. Marhoon aliweka paji la uso kwenye magoti ya mama yake, mabega yakitikisika, na haikujulikana analia au anacheka. Kisha akainuka, akairudisha kalamu mfukoni.

Mpira haukuwekwa. Siku hiyohiyo Marhoon alimpeleka mama yake kwa daktari wa meno huko Khuwair ya Kusini, kidonda kikasafishwa, meno yakachongwa ukingo, sukari ikapimwa na kukutwa imepanda kama moshi. Daktari wa wazee alisema watamtazama mwezi mmoja kisha waamue. Pale kwenye nyumba ya wazee, vinywa vya wote vilikaguliwa. Atieno alishika tochi, Ivy akaandika. Wawili walikuwa na vidonda, mmoja jino limevunjika akiwa nalo siku zisizojulikana, na huko juu walikuta ulimi wenye utando mweupe mzito kama tui. Ivy hakutania hata mara moja.

Jumanne Sista Hind alimpa Atieno barua ya onyo kwa kuandika taarifa za uongo. Yeye peke yake. Wahudumu wote walikuwa wameweka vema, lakini aliyekiri ndiye aliyeandikiwa barua. Atieno aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kiatu ili aikanyage. Lakini hakuikataa. Kila neno lililokuwa humo lilikuwa kweli. Kilichomuuma ni majina yaliyoachwa nje.

Bi Zakiya naye hakumsemesha. Asubuhi na jioni Atieno alikuja na mswaki laini, kikombe na bakuli. Bi Zakiya alitoa meno, akayaweka kwenye bakuli, akafungua mdomo na kufumba macho, kama mtu anayengoja mvua ipite. Atieno alisafisha ufizi, kaakaa, ulimi, akimulika kila pembe. Ilikuwa hivyo siku tisa. Siku ya tano Bi Zakiya alirudi kwenye mchele. Atieno alimwona kupitia dirishani akitupa mawe madogo kando, akimweleza jirani yake kwa sauti kubwa kwamba siku hizi duniani hakuna watu wa kuaminika, hasa wanaotoka sehemu zenye ziwa.

Siku ya kumi jikoni palipikwa samaki. Atieno alikuwa anapita koridoni na taulo aliposikia fimbo ikigonga sakafu. Bi Zakiya alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, peke yake, hatua ishirini kutoka kwenye kiti chake. Mpishi alimletea mchuzi kidogo kwenye kijiko. Bi Zakiya aliuweka kwenye ncha ya ulimi, akakaa nao. Bibi alimeza.

"Chumvi haimo," alimwambia mpishi. Kisha, bila kugeuka, "Na wewe uliyejificha na mataulo, sijakusamehe. Hizo siku ishirini na tisa nilikuwa na shahidi mmoja tu, sasa nna mji mzima. Sijui hata kama zimehesabiwa."

Atieno alisema hajui. Dini yake haikumpa jibu la jambo hilo.

"Najua hujui. Nani kakuuliza? Kalete kile kichwa kabla hawajakipeleka kwa wengine."

Jioni, kwenye karatasi ya Bi Zakiya, Atieno aliacha kisanduku cha kinywa bila vema. Aliandika ndani yake kwa herufi ndogo, mpaka maneno yakatoka nje ya mstari: ufizi wa kushoto umefunga, bado mwekundu kidogo, upana wa punje ya mtama, nimetazama mwenyewe kwa tochi. Kwenye kula akaandika: kichwa cha samaki, na mashavu yote mawili, mimi sikupata. Kwenye kuzungumza: amenitukana. Sista Hind angefoka kwamba visanduku vile si vya hadithi. Afoke. Atieno akaweka jina lake lote, halafu akachukua karatasi ya mzee wa pili, na tochi, akasimama.